Wakili wetu wa Mtwara ametutoka: aliyewahi kupita ofisini kwake aje tupeane kumbukumbu

Kijana wa Chikongola: Leo nimepita pale ofisini kwake nikakuta fundi anang'oa kibao. Yale maandishi ya "Ijumaa ushauri bure" bado yanasomeka. Nimesimama na bodaboda mpaka abiria akanigombeza. Wangapi humu aliwahi kuwasaidia?

Dereva wa Newala: Mimi. Alinisomea hukumu ya Kiingereza kitupu, mstari kwa mstari, halafu akaniuliza, "Umeelewa umeshindwia wapi?" Siku za rufaa akanizungushia kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, akanipa kalenda yenyewe.

Mama Mikorosho: Mnisamehe kwa urefu. Mume wangu alifariki 2009, msimu ndio unaanza. Arobaini haijafika, wapwa zake wakaja na muhtasari wa kikao cha ukoo, wamesaini watu 11, mimi mke simo. Mnajua mila zetu, mali ya mjomba ya mpwa. Shamba lile tulilifyeka wawili, pori, mtoto mgongoni. Nimo edani, nimekaa mlangoni, mpwa mkubwa anaokota korosho zangu. Zile korosho zinavyogonga debe tupu bado nazisikia.

Nilipotoka eda kaka yangu akamfuata yule mzee. Akaja kwa basi. Pole yenyewe fupi, kisha: "Haya mama, nionyeshe mkorosho mmoja mmoja." Mpaka saa nane tunazunguka. Huu tulipanda nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, huu uliungua moto wa jirani ukachipua, huu nilikuwa naupulizia salfa mwenyewe. Yeye anaandika kwenye daftari la shule.

Enzi hizo wakili haruhusiwi kusimama Mahakama ya Mwanzo. Nikaingia na pingamizi langu la mirathi peke yangu, yeye kakaa nje chini ya mwembe. Hakimu akaniambia niseme. Nikaanza na mkorosho wa kwanza. Nilipofika wa 17 hakimu akaninyamazisha, akamgeukia mpwa: "Wewe nitajie mitano tu." Kimya.

Malipo alichukua fungu la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Pweza Mkavu: Mama umeniliza, niko kazini.

Mpwa Halali: Tusichafue mila za watu. Mpwa ndiye anayemzika mjomba.

Bibi wa Mikindani: Kuzika ulizika. Na debe ulikuja nalo la nini?

Mpwa Halali: Mimi siye huyo mpwa!

Mlindi: Kwa kumbukumbu, marehemu alikuwa mtu wa Lindi. Mtwara mlimpangisha tu.

Dereva wa Newala: Akisifiwa wa Lindi, akidaiwa kodi ya pango wa Mtwara.

Msema Kweli: Mnamfanya malaika. Mimi alinitoza laki tatu na kesi nikashindwa.

Bibi wa Mikindani: Kesi ya nini?

Msema Kweli: Kangomba.

Bibi wa Mikindani: Ulikuwa mkopaji au mkopeshaji?

Msema Kweli: Hilo halihusiani.

Mgeni wa Bara: Kangomba ndiyo nini?

Pweza Mkavu: Mtu ana njaa, unamnunulia korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika unabeba kwa kipimo chako, ghalani hazifiki. Laki tatu alikuonea huruma.

Mlindi: Andikeni wosia jamani, RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, wanahifadhi.

Mpwa Halali: Wosia kwa Muislamu mwisho theluthi, usipotoshe.

Dereva wa Newala: Dawa ni kupanda mikorosho kwa jina la mama mkwe.

Mgeni wa Bara: Si siku hizi mawakili wanaruhusiwa Mahakama ya Mwanzo? Sheria ilibadilishwa 2021.

Bibi wa Mikindani: Wanaruhusiwa. Nani anapokea ming'oko?

Kijana wa Chikongola: Nimerudi pale, fundi kaniuzia kibao elfu tano. Mama Mikorosho, lile daftari alikuachia?

Mama Mikorosho: Ninalo. Miwili imekufa, nimeikata kwa kalamu. Mingine yote ipo.