Mjadala: Tarehe ya kufungua shule ipangwe Nairobi au kaunti?

Wadau, mnakumbuka Aprili 2024. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Jumatatu tarehe 29. Tangazo la Machogu, Waziri wa Elimu wa Kenya wakati huo, la kuahirisha kwa wiki moja likatoka usiku wa kuamkia siku hiyohiyo. Wanafunzi wa bweni wengine walikuwa tayari stendi, sanduku la bati huku, godoro kule, nauli ya kufungulia shule (ile ambayo hupanda kila muhula) imeshalipwa. Wiki hiyo haijaisha, Rais akaahirisha tena bila kutaja tarehe. Shule zikaja kufunguliwa Mei 13.

Silaumu kuahirisha. Mto Tana ulikuwa umefurika, na alfajiri ya tarehe 29 ndipo maji yalipoua watu Mai Mahiu. Ninachohoji ni kwa nini watu wa Garsen na Madogo, kandokando ya Mto Tana, walioyaona maji siku kadhaa kabla, wasubiri neno la Nairobi, na kwa nini neno lenyewe lilipokuja likawafungia hata wale ambao shule zao zilikuwa kavu.

Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari zimebaki kwa serikali kuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaunda Bodi za Elimu za Kaunti, lakini kalenda ya mihula bado ni ya Wizara.

Rai yangu: Wizara ishike idadi ya wiki za masomo na tarehe za mitihani ya kitaifa. Bodi ya kaunti iruhusiwe kusogeza siku ya kufungua, tuseme hadi wiki 2, halafu ifidie kwa kupunguza likizo ya Agosti. Mnasemaje?

Mwalimu, Kiambu: Nafundisha shule ya kitaifa. Darasa moja lina mtoto wa Mandera, wa Kwale na wa Busia. Wakifika kila mmoja na tarehe yake, nianze kumfundisha nani? Na hilo la kufidia unalisema kirahisi mno. Baada ya korona tulibanwa mihula 4 ndani ya miezi 12, hadi kalenda iliporudi Januari 2023. Mwulize mwalimu yeyote aliyepitia hapo. Watoto walikuwa wanasinzia saa nne asubuhi, na sisi tunakimbiza silabasi tu. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haimwulizi mtahiniwa kama kwao kulifurika.

Mzazi, Wajir: Nyinyi mafuriko, sisi ukame. Januari mnapofungua shule, kwetu ni jilaal, kiangazi kikali. Mifugo imehamishwa mbali na vijana wakubwa wako nayo. Rejista ina majina, madawati hayana watu. Mvua ya gu ikinyesha, familia zinasogea karibu, maziwa yapo, mtoto anaweza kutulia darasani. Mvua hiyo hushika Aprili, na Aprili ndiyo likizo yenu! Hizo wiki 2 zako hazinifai kitu. Mimi nataka mwaka mzima upangwe upya kwa kaunti za wafugaji.

Mfanyabiashara, Migori: Mkimpa gavana kalenda, shule zitafunguliwa siku anayogawa basari. Mimi simo.

Mwanzisha mjadala: Mwalimu, shule za kitaifa zibaki na kalenda moja, hapo sina ubishi. Mimi nasemea za kutwa, ambako mwalimu na mtoto wote hupita mto uleule. Kuhusu silabasi, hizo wiki wanazipoteza hata sasa, ila hakuna anayeziandika. Shule inahesabiwa imefunguliwa, mtoto yuko kambini kwa waliohamishwa na maji. Kuahirisha rasmi angalau kunaacha deni linaloonekana, na deni likionekana kuna wa kudaiwa.

Ndugu wa Migori, bodi ninayoisema iko chini ya Wizara, si ya gavana. Hilo la basari lina mjadala wake.

Ndugu wa Wajir ndiye amenibana. Kalenda yake haiwezekani bila kugusa tarehe za mitihani, kwa sababu mtoto aliyeanza Aprili hawezi kufanya mtihani wa kitaifa pamoja na aliyeanza Januari wakawa sawa. Labda mitihani iwe na misimu miwili kwa mwaka. Mwalimu wa Kiambu, hilo kwa upande wa usahihishaji linawezekana? Wewe unalijua kuliko mimi.