Naomba ushauri: nathibitishaje kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa?

Witiri31
Wakuu, habari zenu. Najisomea nadharia ya namba na nimekwama. Namba yangu ni 2^31 − 1. Programu inajibu papo hapo kwamba ni tasa, lakini nataka niithibitishe mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo cha kawaida. Najua inatosha kujaribu namba tasa hadi kipeuo cha pili, yaani 46,340, ila humo zimo zaidi ya 4,700! Kuna njia fupi?

Mzee wa Vipeo
Mkuu, 31 yenyewe ni tasa. Umemaliza.

BintiHesabu
Hapana ndugu yangu, hiyo haitoshi. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Witiri31, ziangalie vizuri hizo 23 na 89. Toa 1 kwa kila moja: 22 na 88, zote zinagawanyika kwa 11. Haikutokea tu. Tuseme q ni kigawo tasa cha namba yako. 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1, na kwa kanuni ndogo ya Fermat, 2^(q−1) nayo inabaki 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, lazima iigawe q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q = 62k + 1, k ikiwa namba nzima.

Bado tunaweza kuchuja. 2^32 inabaki 2, na 2^32 ni mraba wa 2^16. Hilo linawezekana tu kama q ukiigawa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili, unapata 248k + 1 au 248k + 63 basi. Mwanahisabati Euler alipita humu humu mwaka 1772, na mimi kila nikiirudia hoja hii naona raha ile ile.

Hadi 46,340 zinabaki 373, na nyingi unazifuta kwa kuwa si tasa: 63, 249, 497, 559... Ya kwanza ya kujaribu ni 311. 311 × 6,905,092 = 2,147,483,612, baki 35. Haigawi. Inayofuata ni 1,303.

Baki_Sifuri
Kuna pia jaribio la Lucas na Lehmer. Anza na 4, ipige mraba, toa 2, gawanya kwa namba unayoijaribu, chukua baki, rudia. Kwa 2^31 − 1 ni mara 29. Baki la mwisho likiwa 0, ni tasa. Jizoeze kwanza na 127, mara 5: 14, 67, 42, 111, 0.

Witiri31
Ya 127 imekubali! Niende na hii basi?

BintiHesabu
Kwa kikokotoo cha kawaida, usiende nayo. Miraba yake inafika tarakimu 19, kikokotoo kitakata za mwisho na baki litaharibika. Njia ya kugawanya haivuki tarakimu 10. Anza na 1,303, ukikwama andika hapa hapa.