MJADALA: Baiskeli ikikuumiza mgongo, kosa ni la aluminiamu au umbo la fremu?

Wadau, hii kauli ya "fremu ya chuma ni laini, ya aluminiamu inaua mgongo" imekua kama sheria, fundi anakwambia, muuza mtumba anakwambia, na mi naipinga waziwazi. Njooni na hoja.

Chukua Phoenix ile ya keria. Ukipita nayo rafu rodi inavumilika, watu wanasema ni sababu ya chuma. Haya, angalia na vingine basi: ringi ya 28, tairi pana, siti ya springi, bomba la siti limelala nyuma, foki (ule uma unaoshika tairi la mbele) imelala na kutoka mbele, na toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mbali. Yaani tairi la nyuma likigonga shimo wewe hujakaa juu yake kabisa, mshtuko unakufikia umeshapungua, na hiyo foki iliyolala ndo inafanya baiskeli inyooke yenyewe hata ukiwa na mzigo.

Sasa weka pembeni resi ya mtumba ya aluminiamu, bomba la siti limesimama nyuzi kama 73, ekseli kwa ekseli kama mita moja tu, tairi la milimita 23 limejazwa upepo mpaka likakaza, psi 100 (psi ni kipimo cha upepo), alafu mtu anashuka anasema tatizo aluminiamu! Umelinganisha vitu vitano kwa mpigo ukamtwisha lawama mmoja.

Na aluminiamu yenyewe kama madini sio ngumu kupinda, ugumu wake ni kama theluthi moja ya chuma. Ila kwakuwa ni nyepesi wanatengeneza bomba la kipenyo kikubwa, na kipenyo ndo kinakaza fremu. Kwahiyo hata hapo ni umbo tena, sio madini. Isitoshe fremu ya kawaida ya pembetatu mbili, moja mbele na moja nyuma, iwe ya madini gani, kwenda juu na chini haibonyei karibu kitu, tairi linabonyea mara nyingi zaidi.

Nakubali moja, foki ya chuma nyembamba iliyopinda inanyonya mtetemo kidogo. Na kwa anayebeba magunia ya mkaa chuma ndo jibu, sibishi, maana ikikatika inachomelewa popote, wakati aluminiamu inataka mtambo na gesi yake na bado sehemu iliyopata moto inabaki dhaifu. Hiyo ni hoja ya uimara lakini, sio ya ulaini, na watu wanaacha baiskeli nzuri sokoni kwa kuchanganya haya mawili wakati wangebadili tairi tu, waweke pana kadri fremu inavyoruhusu na wapunguze upepo.

Anayepinga alete mfano wa baiskeli mbili zenye tairi lilelile, upepo uleule, siti ileile, vipimo vilevile, tofauti iwe madini ya fremu tu. Aliyeziendesha zote mbili atuambie alisikia nini.