Jina la MG lina thamani gani baada ya kiwanda chake kufungwa?

Muulizaji, Chake Chake: Assalamu alaykum ndugu zangu. Marehemu babu aliniachia beji ya gari la MG, ya pembe nane, ambayo rangi yake imebanduka lakini herufi zake mbili bado zinasomeka ukizipapasa kwa kidole. Kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kilichounda magari hayo ya michezo, kilifungwa mwaka 1980, na kampuni iliyolirithi jina ilifilisika mwaka 2005. Kwa nini jina bado linanunuliwa?

Jibu, Unguja Mjini: Waalaykumu salaam, na Mungu amrehemu babu. Kampuni ya Nanjing ya China ilinunua jina pamoja na mitambo mwaka huo huo wa 2005, lakini mitambo huchakaa, ilhali jina lililotokana na Morris Garages ya Oxford halikuchakaa, kwa kuwa modeli ya MGB peke yake, kuanzia 1962 hadi 1980, iliundwa zaidi ya magari 500,000, na kila aliyeiendesha akawa shahidi wake. Ushahidi huo haununuliwi kwa matangazo.

Jibu, Wete: Nina shaka kidogo, maalim. SAIC, kampuni nyingine ya China inayolimiliki jina hilo tangu 2007, huliweka zaidi kwenye magari ya familia, ingawa Cyberster ya viti viwili imerudi kwenye asili. Jina likitengwa mno na kazi iliyolipa heshima, heshima hiyo hupungua.

Muulizaji: Ahsanteni sana, nimefahamu. Fundi aliyetaka kuipiga msasa beji hii nimemkatalia.