"Dope" kwenye kikundi cha familia

Neema: Shikamooni. Mjomba Salum, naweka manukuu ya Kiswahili kwenye video, mtu anasema "your jacket is dope". Programu ya kutafsiri imeleta "koti lako ni dawa za kulevya" 😂

Mjomba Salum: Marahaba. Hapo koti linasifiwa tu: koti kali, koti bomba. Programu imelichukua neno kama nomino, na hapo ni kivumishi. Kwa "dope" usikimbilie kamusi, tazama kwanza kilichokaa mbele na nyuma yake.

Mjomba Salum: "He's dope" = jamaa mkali.
"He's a dope" = jamaa zuzu.
Ka-"a" kamoja tu, sifa imegeuka tusi.

Idi: Na hiyo "a" mtu akiongea haraka huisikii kabisa

Shangazi Rehema: Ndiyo maana unatafuta dalili nyingine, Idi. Ukisikia "so dope" au "dopest" ni sifa, kwa sababu hizo zinakaa na kivumishi. Ukisikia "such a dope", "you big dope", au wingi "dopes", ni uzuzu. Wala si tusi zito, watu huambiana hata kwa utani. "Moron" ndiyo inauma.

Neema: Shikamoo shangazi. Na "the dope" je? Iko mbele huko, "give me the dope on him"

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Habari za ndani kumhusu huyo mtu. "The straight dope" ni ukweli wenyewe, bila chumvi. Wengi huihusisha na mbio za farasi za Marekani: aliyejua farasi yupi kapewa dawa alijua na pesa aiweke wapi. Lakini imezeeka hiyo. Kijana wa leo akitaka habari atasema "the tea", na hiyo ni ubuyu wa watu zaidi kuliko taarifa ya maana. "The lowdown" ndiyo iko karibu zaidi na "the dope".

Idi: Kumbe dawa za kulevya ndo zimeanza, sifa ikafuata?

Mjomba Salum: Hata dawa hazikuanza. Neno liliingia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka Kiholanzi, "doop", mchuzi wa kuchovyea. Likawa kitu chochote kizito cha majimaji. Afyuni ya kuvuta hupikwa hadi iwe nzito kama lami, ikabebeshwa jina hilo mwishoni mwa karne hiyo, kisha dawa nyingine zikafuata. Sifa imekuja mwisho kabisa, kwenye hip hop ya miaka ya 1980.

Mjomba Salum: Ule uzito wa mwanzo bado upo kwa mafundi. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na mabawa ya kitambaa yaliyopakwa "dope", aina ya vanishi inayokaza kitambaa na kuziba vitundu. Ya naitreti ilikuwa inashika moto vibaya sana. Na fundi bomba wa Marekani akisema "pipe dope" anataka ile dawa ya kupaka kwenye nyuzi za bomba ili maji yasivuje. Msimwitie polisi.

Neema: 😂😂 Na ikiwa ni dawa kweli, niandike bangi au unga?

Shangazi Rehema: Inategemea msemaji yuko wapi. Uingereza mara nyingi ni bangi. Kwenye miji ya mashariki ya Marekani, New York kwa mfano, mara nyingi ni heroini. Huna uhakika? Andika "dawa" tu, usikisie. Kama kuna sindano, ni unga. Kama kuna msokoto, bangi.

Idi: Na "sick" nayo si sifa? Nikiziunganisha "dope" na "sick" inakuwa kali mara mbili 😎

Shangazi Rehema: Thubutu! "Dopesick" ni arosto, yale maumivu ya mtumiaji wa heroini akiikosa: kutapika, jasho, mifupa kuuma. Ukimwambia mtu "you look dopesick" umemwita teja mgonjwa.

Idi: Aisee. Basi nitumie visawe vyake

Mjomba Salum: Navyo haviingiliani ovyo. "Lit" ni ya shughuli, sherehe iliyochangamka, na zamani ilikuwa kulewa. Koti huliiti "lit". "Fly" ni ya mavazi na mwonekano, ina harufu ya zamani kidogo. "Fire" inakaa kwenye wimbo, chakula, viatu. "Sick" ni nzuri kwa kitendo kigumu, mtu akifunga bao la ajabu, ila kwenye maandishi usimwandikie mtu "you're sick", atadhani unamtukana au unamuulizia afya. "Cool" ndiyo salama kuliko zote, haijachuja tangu enzi za jazz.

Shangazi Rehema: Na "dope" usiipeleke kwenye barua ya kazi, wala uwanja wa ndege. "I've got some dope stuff in my bag" mbele ya afisa wa forodha, begi litafunguliwa hadi soksi.

Neema: Swali la mwisho, "doping" ya wanariadha?

Mjomba Salum: Hiyo si lugha ya mtaani tena, ni neno rasmi: kutumia dawa zilizokatazwa michezoni. WADA, shirika la dunia la kuzipiga vita, lilianzishwa 1999. Ila kwenye video ya elektroniki, "doping" ni kuongeza chembe za boroni au fosforasi kwenye silikoni ili ipitishe umeme vizuri. Hapo ukiandika "dawa" umeharibu.

Idi: Silikoni nayo inadungwa 😂

Neema: Kuna "dope sheet" pia, katuni inachorwa

Mjomba Salum: Kwa wachora katuni ni jedwali linaloonyesha kila fremu ina mchoro gani na sauti gani. Kwenye mbio za farasi ni karatasi ya rekodi za farasi. Yako ni ya kwanza, andika "jedwali la fremu".