Naomba ushauri: "spinster" kwenye cheti cha ndoa niliandikeje kwa Kiswahili?

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama.

Natafsiri cheti cha ndoa cha bibi, cha enzi za mkoloni, kwa ajili ya mirathi. Babu kaandikwa "bachelor", hapo sina shida: kapera. Bibi kaandikwa "spinster". Shangazi kutazama kamusi ya simu, akawaka: mama yake aliolewa angali mwali, iweje aitwe mwanamke aliyedodea kwao?

Nilivyosoma, asili yake ni mwanamke anayesokota nyuzi za sufu. Kuanzia karne ya 17 sheria ya Uingereza ikalitumia kwa yeyote ambaye hajaolewa, awe na miaka 18 au 60. Kejeli ilikuja baadaye. Wenyewe wamelitoa kwenye rejesta zao za ndoa tangu 2005. (Ila ukapera haujawahi kumuudhi mwanaume!)

Sasa niandike "hajaolewa", "mwanamwali" au "mseja"? Hili la mwisho naliona kama la mapadri. Waliowahi kutafsiri nyaraka za mahakamani, mlitumia lipi? Na shangazi nimtulizeje, maana hataki kutia saini.