Muuza vitu vya watoto wa Usita wa Mui amenitia kichaa leo

Mama Langoni: Jamani nina hasira mpaka simu inatetemeka mkononi. Simtaji jina huyo muuza duka, Amu (mji wetu wa Lamu) nzima yamjua. Hata punda wakipita dukani kwake huongeza mwendo.

Nimeenda kumtafutia binti wa dada yangu mwanasesere wa Idi. Vyote vilivyotundikwa ni nywele za dhahabu na sketi ya kiganja. Nikamuuliza kwa adabu kama hana mwenye hijabu. Akachukua kitambaa cha kufutia kaunta, akamzungushia doli kichwani: "Haya, ashasilimu. Mia nane."

Mbele za watu! Kitambaa cha kaunta! Kina samli ya tangu enzi za Sultani!

Halafu ananiambia eti kampuni za Ulaya na Marekani hazina habari na sisi, ndiyo maana hakuna doli wa hijabu. Uongo! Kwanza Waarabu wenyewe wana lao: doli Fulla wa kampuni ya NewBoy aliingia sokoni Uarabuni 2003, na abaya yake. Na Mattel, kampuni ya Marekani, hao hao wa Barbie, walitangaza 2017 Barbie mwenye hijabu kwa sura ya Ibtihaj Muhammad, yule Mmarekani aliyepata medali ya shaba Rio 2016 kwa mchezo wa upanga. Hijabu safi, imeshonwa! Sisi tunaambiwa "ashasilimu" kwa kitambaa cha samli.

Upepo wa Shela: Mia nane na kitambaa juu? Mimi aliniuzia elfu, kichwa wazi. Umependelewa.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, mshonee kijibuibui. Nyanya zetu walitutengenezea watoto wa matambara na hatukufa.

Mama Langoni: Baba, shikamoo, lakini hukukiona kile kitambaa. Kilinata! Na watu wakacheka!

Kijana wa Mkomani: Hao Mattel nao wamefuata pesa, si mapenzi. Wamaori, wenyeji wa New Zealand, walipolalamika 2001 kwamba Lego, kampuni ya vitu vya kuchezea, imechukua maneno yao kwa Bionicle, seti zake za watoto, kampuni ikakubali kubadilisha baadhi ya majina. Walilalamika kwa kampuni yenyewe. Wewe umelalamika kwa nani? Kwetu sisi.

Mama Langoni: Kwani wewe ni shemeji yake?

Mtu wa Malindi: Bora nyinyi mwavishwa kitambaa. Huku ukiingia dukani waambiwa "ciao", na bei ni ya Mtaliano. Ukijibu Kiswahili, bei haishuki hata shilingi.

Upepo wa Shela: Malindi nyamazeni, mna lami na matatu. Sisi juzi boti ya Mokowe imepakia watu, mbuzi wawili na friji. Nimekaa na pembe ubavuni safari nzima.

Nahodha Mstaafu: Friji ni yangu, na nimetozwa nauli ya watu watatu! Watatu! Friji haina hata miguu!

Mama Langoni: Jamani, kitambaa cha KAUNTA.

Mtu wa Malindi: Nahodha, ulilipa kabla ya kupakia au baada? Maana mimi nina godoro.